Kidole cha Nahodha Mwinshehe

Sogeeni. Mwenye kikombe anywe, mwenye mtoto amlaze, na mwenye haraka aende zake, kwa maana hadithi hii haimfai. Ina fundo, na fundo lenyewe limenishinda mimi niliyelileta. Nimekuwa nalo mwaka wa pili huu. Leo nawapeni na ninyi, mnisaidie kulibeba.

Palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Jumbe alikuwa seremala. Mpe ubao wenye jicho na ufa, akupe mlango usiolia. Mkono wake ulijua mti unataka kuwa nini kabla yeye mwenyewe hajajua.

Kidawa, dada yake, alikuwa na jicho la kuchagua. Ukimtuma sokoni hatoki na kitu kizuri, anatoka na kitu kinachofaa, na wenye akili mnajua tofauti yake. Wauza mitumba walikuwa wakimwona tu wanaguna, maana alipindua bunda zima, akaondoka na shati moja, nalo ndilo.

Salehe, fundi redio, alikuwa na sikio. Redio iliyokataa kwa mafundi wanne, yeye aliiwasha, akainamisha kichwa, akasema, “Haijafa hii. Hatujaelewana tu.” Salehe aliwahi kuwa mume wa Kidawa, na kabla ya hapo alikuwa baharia wa baba yake Kidawa. Ndoa ilipovunjika, mzee alimfukuza mbele ya watu, akaapa: “Mguu wako usikanyage tena kizingiti changu!” Ni miaka mitatu hiyo, na Salehe hakukanyaga.

Huyo mzee ndiye Nahodha Mwinshehe. Miaka arobaini alishika usukani wa mashua yake, Tuombe Heri, akibeba chokaa, magunia ya chumvi na kila kinachobebeka. Nyumba yake, lakini, ilikuwa bara kidogo, huko kwetu Mawe Meupe, nyuma ya machimbo ya zamani ya chokaa. Wachimbaji walipoondoka shimo likajaa maji ya mvua, likawa bwawa pana, tulivu, lenye matete upande mmoja. Mzee alikuwa akilicheka. “Maji gani haya yasiyokwenda popote?”

Basi kiharusi kikampiga. Cha kwanza kikachukua upande wa kulia. Cha pili kikachukua karibu yote yaliyobaki, kikamwachia maneno machache ya kuokoteza, na kidole kimoja: gumba la mkono wa kushoto. Alipokuwa hospitali hajui kucha wala kuchwa, matibabu yakahitaji fedha, na Jumbe akaiuza mashua. Mnunuzi aliitaka mbao tu. Akaipasua palepale ufukoni.

Mzee aliporudi nyumbani, neno lake la kwanza lilikuwa, “Mashua?”

Jumbe akainamisha kichwa.

Nahodha akaomba ageuzwe uso ukutani, na kuanzia siku ile akafunga mdomo. Uji ukaletwa, ukarudi. Supu ikaletwa, ikarudi. Mkewe, Bi Mwantumu, akawaita wanawe uani, akawaambia kwa sauti ndogo, “Baba yenu hafi kwa maradhi, wanangu. Anakufa kwa nchi kavu.”

Sikilizeni sasa kila mmoja alifanya nini, na mpime vizuri, maana mizani nitawaachia ninyi.

Jumbe alikuwa na siri. Siku mashua ilipopasuliwa, alichomoa kana, ule mpini wa usukani, akauficha chini ya kitanda chake. Mti ulikuwa umebonyea pale kiganja cha baba yake kilipokaa miaka yote ile. Ndicho kitu pekee alichokiokoa, na hakuwahi kumwonyesha mtu. Sasa akautoa. Akakaa nao siku nzima bila kuugusa kwa msumeno, akilia. Kisha akaukata. Kwa mti ule akachonga uti wa mgongo wa chombo kidogo, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, akakivika mbavu na mbao nyembamba. Chini akakitia mkuku, ubao wa kushuka majini, wenye uzito wa madini ya risasi ili kisipinduke, juu akakitundikia tanga la kitambaa cha mwavuli. Alipokiweka mbele ya kitanda, mzee aligeuka kwa mara ya kwanza. Akakitazama sana.

“Tanga gani hili?” akasema kwa shida. “La Wazungu.”

“Baba, tanga letu linataka mabaharia wanne wa kulivusha upande wa pili kila mkigeuka. Humu ndani hata panya haenei.”

Nasikia mzee alicheka. Kicheko chenyewe kilikuwa pumzi tu, lakini Bi Mwantumu aliingia mbio kutoka jikoni, na jioni ile mzee akakubali vijiko vichache vya uji.

Kidawa alikuwa na kazi ya kutafuta rimoti ya kukiendesha. Msidhani ni kazi ndogo. Yeye ndiye aliyekuwa akimlisha baba yake, akamfuta, akamkata kucha. Alikijua kile kidole kuliko mtu yeyote: kinasogea kiasi gani, kinachoka wakati gani, kinaegemea wapi kikichoka. Akaenda mjini kwenye maduka ya vifaa vilivyotumika. Wakamletea rimoti ya magari ya kuchezea, yenye gurudumu na kifyatulio. Akaikataa, inataka mikono miwili. Wakamletea yenye vijiti viwili, kimoja cha tanga, kimoja cha usukani. Akaikataa, inataka vidole viwili. Siku ya tisa akaikuta anayoitaka, imefunikwa vumbi nyuma ya pasi mbovu. Kijiti chake cha kushoto kilifanya kazi mbili peke yake. Ukikisukuma juu na chini, kinabaki pale ulipokiacha, hivyo tanga likikazwa linakaa limekazwa, kidole kikipumzika. Ukikisukuma pembeni kinarudi katikati chenyewe, hivyo usukani unanyooka bila kuamrishwa.

Muuzaji akashangaa. “Dada, hii ni ya ndege. Unamnunulia mtoto ndege?”

“Namnunulia baba yangu bahari,” akasema Kidawa, na akaileta cherehani yake, akaiacha pale dukani iwe malipo, ndipo akaichukua rimoti.

Wakafunga mota mbili ndogo ndani ya chombo, moja ya kuvuta na kulegeza kamba ya tanga, ya pili ya usukani. Asubuhi moja wakambeba mzee kwenye kiti hadi ukingo wa bwawa. Kidole kikawekwa juu ya kijiti. Jumbe akamwelekeza, “Ukisukuma kulia, baba, kinakwenda kulia. Ukisukuma kushoto, kushoto.” Mwenyewe alikijaribu mara kumi na kilikuwa kinatii.

Upepo mzuri, chombo kikaondoka. Kilipofika karibu na mawe, ilimpasa mzee akigeuze kulia. Akasukuma kushoto. Kikapiga jiwe. Wakakitoa, wakaanza upya. Akasukuma kinyume tena. Kikapiga jiwe tena. Mara ya tatu kilipogonga, machozi yakamtoka Nahodha, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Jumbe akamvuta dada yake pembeni. “Kiharusi kimekula na akili. Hajui tena kulia wala kushoto.”

“Usiseme mbele yake!”

Lakini alikwisha sema, na mzee alikwisha sikia. Siku ile hata maji hakunywa.

Hapo ndipo Kidawa akafanya jambo ambalo wanawake mlio hapa mnajua uzito wake. Alijifunga khanga, akaenda hadi kibanda cha Salehe. Miaka mitatu hawajasemeshana. Akasimama mlangoni.

“Salehe.”

“Kidawa.”

“Baba.”

Salehe akaweka chini kilichokuwa mkononi, akafunga kibanda. Wakaongozana hadi nyumbani kwa mzee.

Salehe hakuingia ndani. Alizunguka nyumba kwa nje, akatandika turubai ukingoni mwa bwawa, akafanyia kazi pale siku nane, juani na mvuani. Bi Mwantumu alimpelekea chakula hukohuko. Siku ya kwanza aliomba mzee aletwe akiendeshe chombo kama jana. Hakumtazama kidole wala hakukitazama chombo. Alimtazama mzee bega. Lile bega lililokufa lilikuwa linajaribu kuinama.

“Hakukosea,” akasema Salehe. “Anashika kana.”

“Unasema nini?” Jumbe akamuuliza.

“Jumbe, wewe hukupenda bahari, hukukaa nyuma ya chombo. Mimi nimekaa miguuni pake miaka sita. Mpini wa usukani ukiusukuma kushoto, chombo kinakwenda kulia. Ukiusukuma kulia, kinakwenda kushoto. Mkono wake unajua hivyo tangu ninyi hamjazaliwa. Ninyi mmempa usukani wa gari.”

Akaigeuza rimoti, akasukuma kiswichi kidogo mno kwa ncha ya kalamu. Basi. Tangu hapo kijiti kikawa kana. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, na ilihitaji mtu aliyefukuzwa nyumba ile kuijua.

Siku zilizobaki alipima. Aliurefusha mwendo wa usukani, ili kidole kikisogea kidogo tu chombo kigeuke vya kutosha. Akaona kidole kikichoka kinaegemea upande mmoja, akausawazisha usukani kwa kipimo cha uchovu ule. Kile kisanduku kinachopokea mawimbi, yeye akikiita sikio, alikifunga juu, na waya wake akaupandisha mlingotini, kwa sababu maji humeza mawimbi. Akaviunganisha sikio na rimoti hadi vikajuana, visimsikilize mwingine. Mwisho akachuchumaa mbele ya mzee. Tangu afike hakuwa amemsemesha.

“Nahodha. Sauti ikikatika, chombo kisipokusikia tena, nikiamrishe kifanye nini?”

Mzee akayatazama matete yalivyoinamia upepo. “Kilegeze tanga,” akasema. “Kingoje.”

Salehe akaweka hivyo.

Asubuhi iliyofuata chombo kilikata bwawa lile kwa mshazari, kikageuka mbele ya mawe bila kuyagusa, kikarudi dhidi ya upepo, kulia, kushoto, kulia, hadi miguuni pa mwenyewe. Hakuna aliyepiga makofi. Bi Mwantumu alijifunika uso kwa ukaya. Mchana ule mzee alikula wali na samaki, akadai na pilipili.

Alisafiri siku kumi na tisa. Asubuhi hubebwa, adhuhuri hurudishwa. Alikuwa akiwagombeza mabaharia waliokufa zamani. “Legeza! Legeza, mwehu!” Kila siku Salehe alisimama mbali kidogo, akingoja aambiwe neno moja, “Ingia.” Neno hilo halikuja. Labda mzee alikisahau kiapo. Labda maneno yake yalikuwa machache akayatumia kwa upepo. Labda hakusamehe. Mimi sijui, na asiyejua hunyamaza, lakini nilimwona Salehe akingoja, na iliniuma.

Siku ya ishirini, kabla hajabebwa, mzee alimwambia mkewe, “Chombo... mpe aliyenirudisha majini.”

“Nani huyo, Baba Jumbe?”

“Anajijua.”

Akabebwa. Saa nne asubuhi chombo kilikuwa katikati ya bwawa, tanga limekazwa, kinakwenda vizuri, na kikaendelea kwenda vizuri vilevile, moja kwa moja, bila kugeuka. Jumbe akasema, “Baba, mawe.” Kisha akasema tena, “Baba.” Kidole kilikuwa bado juu ya kijiti.

Nawaambieni jambo ambalo kila fundi atawaambia: chombo cha namna hii huzimwa kwanza chenyewe, rimoti huzimwa mwisho. Salehe alikuwa amewafundisha, na walikuwa wakifanya hivyo kila siku. Lakini Kidawa, katika kukiondoa kidole cha baba yake, kwa mkono kupitiwa tu, akaizima rimoti. Chombo kikapoteza sauti. Pale kilipokuwa, hatua chache kutoka kwenye mawe, kikalegeza tanga. Kikasimama. Tulimbeba Nahodha kumpeleka ndani, na nilipogeuka nilikiona bado kiko pale kinangoja.

Tulizika alasiri. Siku ya tatu Bi Mwantumu alikikuta kwenye matete, hakijaumia popote.

Ikaja arobaini. Kisomo kikaisha, majirani wakatawanyika, tukabaki wachache. Salehe alikuwa amekaa nje ya kizingiti, mgongo ukutani. Bi Mwantumu akakitoa chombo, akakipakata, akaueleza ule wasia. “Amesema anajijua. Aseme basi anayejijua.”

Jumbe akasema, “Mama, ni mimi. Kina uti wa mgongo wa ile kana. Bila chombo, rimoti ingekuwa inaongea na upepo. Na nikuambie kweli ya moyoni. Mimi ndiye niliyemtoa baba majini. Nikikosa hiki, nitabaki kuwa yule aliyeiuza mashua, hadi naingia kaburini.”

Kidawa akasema, “Mama, ni mimi. Mti bila njia ya kuuamrisha ni pambo la mezani. Kidole kile nilikijua mimi, na kijiti kile nilikichagua mimi. Lakini kidole kilekile nikakiondoa, nikazima. Sauti yake ya mwisho niliikata mimi kwa mkono huu. Nisipopewa, nitakumbuka nini kingine?”

Kutoka nje, bila kugeuka, Salehe akasema, “Mama, chombo walikuwa nacho na rimoti walikuwa nayo, na mzee alikuwa analia. Mimi sitaki mali ya nyumba hii. Ila ikiwa ni mimi aliyenikusudia, basi alinisamehe. Sina njia nyingine ya kujua.”

Jirani mmoja, mpenda suluhu za haraka, akashauri wagawane: Jumbe achukue chombo, Kidawa rimoti, Salehe lile sikio na mota zake. Salehe akatikisa kichwa. Vile vitu vinajuana vyenyewe tu. Ukivitenganisha, kila mmoja atakwenda kwake na kitu bubu.

Na nawaona wengine hapo mnataka kuniambia apewe mama. Mnajiona werevu! Nami nilisema hivyohivyo. Bi Mwantumu akanitazama hadi nikaona haya. “Mimi msinitie humo. Amesema majini. Mimi ndiye niliyekuwa nchi kavu yake.” Miaka arobaini mwanamke yule alimngoja mumewe, na mwisho ndilo jina alilojipa. Nililia mimi, sioni aibu kusema.

Basi tukaenda bwawani, labda maji yenyewe yangeamua. Kila mmoja akakishika kwa zamu. Wa kwanza Jumbe. Chombo kikaondoka, kikaanza kupinda kushoto. Akarekebisha, kikapinda. Akashika Kidawa, kikapinda kushoto. Akashika Salehe mwenyewe, aliyekipima. Kikapinda vilevile.

“Kimeharibika?” akauliza Kidawa.

“Hakijaharibika,” akasema Salehe. “Nilikisawazisha kwa kidole chake kilichochoka. Chombo kinadhani kidole bado kimeegemea.”

“Kinarekebishika?”

“Kwa kubonyeza mara moja.” Akaiweka rimoti chini taratibu. “Abonyeze atakayepewa. Mimi mkono wake siufuti bila ruhusa.”

Hakuna aliyebonyeza. Bi Mwantumu akakiopoa chombo, akakifuta kwa khanga yake, akakaa nacho jiweni, na wale watatu wakapiga magoti mbele yake, mmoja kulia, mmoja kushoto, na Salehe katikati, maana bwawani hakuna kizingiti. Akawatazama mmoja mmoja. Akafumbua mdomo.

Hapo ndipo ninapowaachia. Msiniambie wapokezane kwa zamu. Marehemu alisema mmoja, na anajijua. Msiniulize mama alisema nini, sitawaambia hata mkinipikia pilau.

Semeni ninyi. Ungekuwa wewe ndiye uliyepakata chombo kile, chenye kana ndani yake, na kidole cha marehemu bado kinakivuta kushoto, ungekiweka mapajani mwa nani? Na wale wawili utakaowaacha mikono mitupu, ungewaambia nini?